Sindano Mbili kwa Siku Moja

Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2019, kuanzia tarehe 16 hadi tarehe 20, serikali ya Uganda iliendesha kampeni kubwa ya kuwachanja watoto. Wote waliotimiza miezi 9 na ambao hawajafikia miaka 15 walikuwa wapewe sindano ya surua na rubela, na wale walio chini ya miaka 5 waongezewe matone ya polio mdomoni. Siku za mwanzo za kampeni hiyo zilikuwa za mashuleni. Wakati huo tulikuwa tukifundisha katika shule moja iliyo jirani na kambi ya askari, na wazazi wengi wa pale walikuwa ama askari ama watu waliohama kutoka Kongo. Kwa sababu hiyo barua za shule ziliandikwa kwa Kiswahili, na kazi ya kuziandika ilikuwa yetu.

Tuliletewa karatasi ya Kiingereza, nasi tukaifasiri usiku mmoja. Tulipofika mahali palipotaja mambo yanayoweza kumpata mtoto baada ya sindano, tuliandika bila ya kufikiri sana kwamba chanjo hizi mbili "zina madhara yafuatayo", kisha tukayapanga: homa, maumivu ya mkono, vipele, na mengineyo. Asubuhi ya siku yenyewe karibu nusu ya madawati yalikuwa matupu. Mzee mmoja, askari mstaafu aliyekuwa akimlea mjukuu wake, alikuja mwenyewe na barua mkononi, akatuambia kwa upole, "Mwalimu, wewe mwenyewe umetuandikia kwamba zina madhara, tena ni mbili kwa siku moja. Sasa watutaka tuwalete watoto ili wadhurike?"

Hatukuwa na jibu. Mzee alikuwa amesoma Kiswahili sawasawa, na sisi ndio tulioandika vibaya. Neno dhara ni hasara, ni uharibifu. Mtu aliyedhurika hasemi kwamba ameumwa mkono kwa siku mbili. Tangu siku hiyo tumekuwa tukikusanya habari za jambo hili, kidogo kidogo, kwani tuliona kwamba swali la yule mzee lilikuwa na sehemu mbili, nasi tulikuwa tumeshindwa zote mbili. Ya kwanza ni ya lugha. Ya pili ni ya historia: je, nani aliyeanza kuwapa watoto chanjo mbili kwa siku moja, na yaliwapata nini watoto hao? Twapenda kuwaeleza walimu wenzetu yale tuliyoyapata, maana yamkini nao wataletewa karatasi ya Kiingereza usiku mmoja.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Kuchanja ni kukata au kupasua: twachanja kuni, na waganga wa zamani walichanja chale. Chanjo basi ni jina linalotokana na jeraha. Lilifaa sana wakati dawa ya ndui ilipokuwa ikitiwa kwa kukwaruza ngozi ya mkono, lakini limeendelea kutumika hata pale ambapo hakuna kinachokatwa, na leo twasema "chanjo ya matone" bila ya kuona ajabu yoyote. Jirani zetu wa Rwanda hawakupita njia hiyo. Wao husema gukingira na urukingo, maneno ambayo kila Mswahili atayatambua kuwa ni ndugu wa kinga na kukinga. Sisi tumelipa jambo hili jina la kidonda, wao wamelipa jina la ngao. Hatusemi kwamba Wanyarwanda huikubali chanjo kwa sababu ya neno tu, lakini mwalimu wa lugha hawezi kuiona tofauti hiyo akaipita. Waganda nao wana neno lao, okugema. Na hata katika Kiswahili chetu kimoja majina ya maradhi hutofautiana: surua ya Mtanzania ni ukambi kwa Mkenya, na mwalimu aandikaye barua karibu na mpaka hana budi kuyaweka yote mawili.

Sasa twende Dakar.

Mwaka wa 1927 wataalamu wa Ulaya na Marekani waliokuwa Afrika ya Magharibi walifaulu kuvitenga virusi vya homa ya manjano kutoka katika damu ya wagonjwa. Kundi moja lilivipata kwa mgonjwa mmoja huko Senegal. Kundi lingine lilivipata kwa mtu aitwaye Asibi, katika nchi iliyoitwa wakati huo Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Kutokana na virusi hivyo vya namna mbili zilitoka chanjo mbili zisizofanana. Vile vya Senegal vilipitishwa mara nyingi katika ubongo wa panya, vikapungua ukali wa kuharibu ini, lakini vikapata tabia ya kupenda ubongo. Ndiyo chanjo ya Wafaransa. Vile vya Asibi, baada ya kazi ndefu ya Max Theiler na wenzake huko New York, vilitoa mwaka wa 1937 chanjo iitwayo 17D, ambayo ndiyo itumikayo duniani hadi leo, na iliyompatia Theiler Tuzo ya Nobel mwaka wa 1951. Hapa kwetu Entebbe nako kilianzishwa mwaka wa 1936 kituo cha kuchunguza homa ya manjano, kwa hiyo habari hizi si za mbali kama zinavyoonekana.

Chanjo ya 17D ilikuwa njema, lakini ilitaka sindano, tena ilitaka baridi. Katika nchi za joto, njia zikiwa za vumbi na mafuta ya taa yakiwa ya shida, baridi ilikuwa anasa. Chanjo ya Wafaransa ilistahimili joto vizuri zaidi. Basi mwaka wa 1939, katika Taasisi ya Pasteur ya Dakar, daktari Peltier na wenzake walibuni jambo lililokuwa jipya: waliuchukua unga wa chanjo ya ndui na unga wa chanjo ya homa ya manjano, wakavichanganya katika maji yenye ulimbo wa mti uitwao mgunga, wakatia tone juu ya ngozi na kukwaruza. Mkwaruzo mmoja, maradhi mawili. Hapakuhitajika sindano ya kuchemshwa kati ya mtoto na mtoto, na watu wachache waliweza kuchanja kijiji kizima kwa siku moja.

Kwa hesabu ya watawala, hiyo ilikuwa kazi ya ajabu. Katika makoloni ya Ufaransa ya Afrika ya Magharibi watu walilazimishwa kuchanjwa, wazee kwa watoto, na makumi ya mamilioni ya dozi yalitolewa katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Homa ya manjano ilikaribia kutoweka katika nchi hizo, wakati ilipokuwa ikiendelea kuua watu katika nchi jirani zilizotawaliwa na Waingereza. Tusilipunguze jambo hilo. Watu wengi sana waliishi kwa sababu ya ule mkwaruzo.

Lakini hapo ndipo palipotokea lile ambalo lingestahili kwa haki kuitwa dhara. Baada ya siku kadhaa baadhi ya watoto walishikwa na homa kali, kichwa kikauma, shingo ikakakamaa, wengine wakapoteza fahamu. Ubongo ulikuwa umevimba. Waliopatwa hawakuwa wazee. Kwa sehemu kubwa walikuwa watoto. Jambo hilo lilionekana wazi nchini Nigeria mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati chanjo hiyo ilipotumiwa kuzima mlipuko wa homa ya manjano upande wa mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 iliamriwa kwamba watoto walio chini ya miaka 10 wasipewe tena chanjo ya Wafaransa.

Twaomba msomaji aangalie lililofuata, kwani kwa maoni yetu ndilo lenye uzito kuliko yote. Watoto hao waliokingwa wasipate uvimbe wa ubongo hawakupewa chanjo nyingine badala yake. Wakakua bila ya ngao. Mwaka wa 1965, katika jimbo la Diourbel nchini Senegal, homa ya manjano ilirudi, na waliouawa walikuwa hasa ni wao, watoto walio chini ya miaka 10. Katika hofu ile serikali ilirudia chanjo iliyokuwa karibu, ile ile ya Wafaransa, ikawachanja watu kwa malaki. Wagonjwa zaidi ya 200 wa uvimbe wa ubongo walihesabiwa, wengi wao watoto, na baadhi yao walifariki. Yaani watoto wa Diourbel walipigwa mara mbili: kwanza na maradhi kwa kuwa hawakuchanjwa, kisha na chanjo kwa kuwa haikuwa nzuri. Chanjo hiyo iliachwa kabisa kutengenezwa mwaka wa 1982.

Je, kosa lilikuwa la kuchanganya chanjo mbili? Yule mzee wetu angesema ndiyo, na mwanzoni nasi tulidhani hivyo. Lakini tukipima vizuri tutaona sivyo. Virusi vilivyopelekwa kukua katika ubongo wa panya ndivyo vilivyoingia katika ubongo wa watoto. Vingefanya hivyo hata kama ndui isingekuwamo katika lile tone. Chanjo ya 17D imetolewa pamoja na chanjo nyingine nyingi tangu wakati huo, nayo haikuleta msiba kama ule. Kosa lilikuwa katika moja ya zile mbili. Ubaya wa kuzichanganya ulikuwa wa namna nyingine: mtoto alipougua baada ya mkwaruzo mmoja wenye dawa mbili, haikuwa rahisi kujua ni ipi iliyomwangusha, kwani hata chanjo ya ndui mara chache iliweza kuvimbisha ubongo. Ndiyo sababu wauguzi wa leo hufundishwa kutoa kila sindano mahali pake, mkono huu na mkono ule, na zikilazimika kuwa katika mkono mmoja ziachane kwa sentimita 2 na nusu au zaidi. Mahali pakivimba, ijulikane ni pa nani.

Wazazi wetu wanaukumbuka utaratibu huo kwa miili yao. Shirika la Afya Duniani lilipoongeza nguvu ya kuiondoa ndui kuanzia mwezi wa Januari mwaka wa 1967, nchi nyingi ziliona ni hasara kumfikia mtoto wa mbali na kumpa kinga moja tu. Katika nchi 20 za Afrika ya Magharibi na ya Kati, kwa msaada wa Marekani, watoto wadogo walichanjwa ndui na surua kwa ziara moja. Mara nyingi kazi hiyo ilifanywa kwa chombo kisicho na sindano, kirushacho dawa ngozini kwa nguvu ya msukumo, ambacho watoto walikiogopa kama bunduki. Mgonjwa wa mwisho wa ndui katika eneo hilo alipatikana Nigeria mwaka wa 1970. Katika Kongo, iliyokuja kuitwa Zaire, ndui ilichanjwa pamoja na BCG ya kuzuia kifua kikuu, na maradhi yakakoma mwaka wa 1971.

Mwenye umri wa miaka 60 katika nchi zetu akikunja mikono ya shati, aghalabu utaona makovu mawili. La ndui ni pana, limebonyea, lina mikunjo. La BCG ni dogo na la mviringo. Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka wa 1980 tuna moja tu, maana ndui ilikuwa imekwisha. Kila kovu lilipita katika hatua zake: la ndui lilianza kwa kipele siku ya tatu au ya nne, likawa lengelenge, likawa usaha, likawa gamba lililoanguka karibu na juma la tatu. La BCG lilikuwa jivivu, likaanza kuvimba baada ya majuma mawili au zaidi, likapasuka na kufanya kidonda kidogo, na kwa watoto wachache tezi za kwapani nazo zikavimba. Mama aliyekuwa na mtoto mwenye chanjo zote mbili alikuwa na vidonda viwili vya kutazama kwa miezi, tena visivyokwenda pamoja. Watoto walilia usiku, lakini chanjo moja haikuizuia nyingine kufanya kazi yake, na vidonda havikuwa vibaya zaidi kwa sababu ya kuwa viwili.

Hapa hatuna budi kumtaja Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca nchini Somalia, ambaye mwezi wa Oktoba mwaka wa 1977 alikuwa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui iliyoambukizwa kwa njia ya kawaida. Alifanya kazi hospitalini, na chanjo ilikuwa karibu naye kuliko karibu na watu wengi. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba aliikwepa kwa kuwa aliona inauma. Alipona. Miaka mingi baadaye alijitolea kutembea kijiji kwa kijiji akiwashawishi Wasomali wakubali matone ya polio, akiwasimulia habari zake, na alifariki mwaka wa 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Tumeulizwa mara kwa mara na wazazi: kwa nini zisitenganishwe? Leo moja, juma lijalo nyingine, mwili upate kupumua. Ni swali la busara, na sisi pia tuliona hivyo mpaka tuliposoma. Katikati ya miaka ya 1960 madaktari wa Marekani waligundua kwamba mtoto aliyechanjwa surua, akichanjwa ndui siku chache baadaye, chanjo ya pili haikushika vizuri. Mwili, ukiwa bado umo katika vita vya kwanza, hutoa kemikali ya kuzuia virusi, na kemikali hiyo huwazuia wageni wote, hata wale tuliowaalika. Ndipo ilipotoka kanuni ifuatwayo hadi leo kwa chanjo za sindano zenye virusi hai: ama zitolewe siku moja, ama ziachane kwa majuma 4. Kwa hiyo juma moja la kupumua, ambalo mzazi huliomba kwa huruma, laweza kumwacha mwanawe na chanjo moja tu iliyoshika ilhali yeye anadhani anazo mbili.

Sisemi, na wataalamu hawasemi, kwamba kuunganisha hakuongezi kitu. Upo mfano mmoja mzuri. Huko Marekani ilitengenezwa chanjo moja yenye kinga ya maradhi manne: surua, matumbwitumbwi, rubela na tetekuwanga, ili mtoto achomwe mara moja badala ya mara mbili. Ilipochunguzwa kwa watoto wa mwaka mmoja hadi miwili wanaoipata kwa mara ya kwanza, iligunduliwa kwamba homa iliongezeka, na degedege la homa pia, kwa kadiri ya mtoto mmoja zaidi kwa kila watoto 2,300 hivi. Wale waliopewa sindano mbili tofauti siku ile ile walikuwa salama zaidi kuliko waliopewa moja. Kwa watoto wenye umri wa kuanza shule tofauti hiyo haikuonekana. Tazama basi jinsi mambo yalivyopinduka: sindano mbili, ambazo mzazi huziogopa, ndizo zilizokuwa laini.

Rwanda ndiyo iliyotupa mfano wa karibu zaidi. Mwaka wa 2011 nchi hiyo ilianza kuwachanja wasichana wa darasa la sita dhidi ya virusi viletavyo saratani ya shingo ya kizazi, ikiwa ya kwanza barani kufanya hivyo kwa taifa zima, na zaidi ya asilimia 90 ya waliokusudiwa walimaliza dozi 3 zilizohitajika wakati huo. Mwezi wa Machi mwaka wa 2013 ilipofanya kampeni ya surua na rubela kwa watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15, iliunganisha kazi hizo, na wasichana wa shule wakaipata chanjo ya saratani katika kampeni hiyo hiyo. Watoto walipewa pia vitamini A na dawa ya minyoo. Mwalimu yeyote aliyewahi kupanga mistari ya watoto 600 uwanjani atajua kazi hiyo ni nini, na kwa nini serikali isiyo na fedha nyingi haitaki kuirudia mara mbili kwa mwaka.

Yatokeayo baada ya sindano za namna hiyo yanajulikana. Mkono huuma, huwa mwekundu, huvimba. Kwa wasichana waliopewa chanjo ya saratani pamoja na nyingine za umri huo, majaribio yameonyesha uvimbe kidogo zaidi mahali pa sindano, na kingamwili zao hazikuwa na upungufu wa maana. Homa ya surua ina saa yake: haiji usiku ule, bali kati ya siku ya 7 na ya 12, kwa watoto 5 hadi 15 katika kila 100, na wachache hutoka vipele. Hili ni la kumweleza mzazi mapema, maana homa ijayo baada ya juma zima humfanya adhani ni maradhi mapya. Rubela huweza kuleta maumivu ya viungo kwa wasichana waliokomaa. Matone ya polio hayamfanyi mtoto chochote kinachoonekana, isipokuwa kwa nadra kubwa sana, kadiri ya mara moja katika dozi milioni 2 au 3, yanaweza kuleta kupooza kule kule yanakokusudia kukuzuia. Twaliandika hili kwa makusudi. Mzazi akifichwa jambo moja, atakapolisikia sokoni hatayaamini yale mengine 9 aliyoambiwa.

Kisha kuna kuzirai, na jambo hili ni la walimu kuliko la madaktari. Watoto waliobalehe huzirai wakiona sindano, kwa hofu na kwa njaa ya asubuhi, na kwa hiyo hutakiwa kuketi dakika 15 baada ya kuchomwa. Mmoja akianguka mbele ya wenzake, hofu hupita katika mstari kama moto wa nyasi. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1998 nchini Jordan wanafunzi walichanjwa shuleni dhidi ya pepopunda na dondakoo, chanjo mbili katika sindano moja. Wachache walisikia kizunguzungu na homa. Habari ikaenea shule kwa shule, na kabla haijatulia vijana zaidi ya 800 walikuwa wamejihisi wagonjwa, na 122 walilazwa hospitalini. Chanjo ilipochunguzwa haikuwa na kasoro, na kwa walio wengi maradhi hayo hayakutokana nayo. Tusiwacheke. Mtoto anayetetemeka kwa hofu anatetemeka kweli, na maumivu ya kichwa chake ni maumivu. Lakini waliochunguza jambo hilo waliona pia kwamba wingi wa magari ya wagonjwa, makelele ya magazeti na wasiwasi wa wakubwa ndivyo vilivyoukuza moto. Katika hayo wakubwa, twadhani, walimu hawakukosekana.

Turudi kwenye barua yetu. Jioni ile ile ya Oktoba tuliketi tukaiandika upya. Tulijaribu "matokeo", likawa pana mno. Tulijaribu "athari", na mwenzetu wa somo la sayansi akasema kwamba watu wameshaizoea katika habari za sumu na vita. Mwisho tulikumbuka kwamba wauguzi wa Tanzania husema "maudhi madogo madogo", na tukaona kwamba limekaa sawa kabisa: udhi ni kero, ni kitu kinachokusumbua kikapita. Tukaandika maudhi kwa yale ya mkono na homa, tukataja siku ambayo homa hutarajiwa, tukaandika kwamba watoto wadogo watapata sindano na matone, na wakubwa sindano moja yenye kinga mbili, na kwamba zote zitatolewa mbele ya mwalimu wa darasa. Neno madhara hatukulifuta. Tulilibakiza katika mstari mmoja wa mwisho, pamoja na maelezo ya dalili ambazo mzazi akiziona asingoje kesho bali ampeleke mtoto zahanati: kuhema kwa shida, uso kuvimba, degedege.

Asubuhi yake yule mzee alimleta mjukuu wake, barua ya pili imekunjwa mfukoni. Alisimama karibu na meza ya wauguzi mpaka mtoto alipochomwa na kupewa matone, akamketisha kivulini, akatoa saa yake akazihesabu dakika 15. Kisha alitujia akauliza kama siku ya saba yahesabiwa kuanzia leo au kuanzia kesho.